TVA mara mbili Kasumbalesa: ni nchi gani yenye haki ya kuitoza?

Mama wa Duka, Katuba

Ndugu wapendwa, nawasalimu nyote. Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Lubumbashi. Limesajiliwa, lina namba ya kodi, na mauzo yake ya mwaka yamevuka faranga milioni 80, kwa hiyo ninatoza TVA, yaani kodi ya ongezeko la thamani, na kupeleka tamko kila mwezi DGI, ofisi ya kodi za ndani. Mabomba, robine, rangi na nyaya za umeme ninazouza ninazinunua Kitwe na Ndola kwa muuzaji wa jumla ambaye tumezoeana. Mwishoni mwa fakture (ankara) yake kuna mstari unaoongeza asilimia 16 ya kodi ya ongezeko la thamani ya Zambia, nami ninailipa pamoja na bei. Mzigo ukifika mpakani Kasumbalesa, forodha ya upande wetu inanitoza ushuru, kisha inaongeza asilimia 16 nyingine, ambayo ni TVA ya Kongo.

Naomba wenye ujuzi wanieleze kama ndivyo sheria inavyotaka, na kama sivyo, ni asilimia 16 ipi inayopaswa kuondoka. Kuna na jambo la pili. Ili kupunguza gharama ya usafiri, tunapakia lori moja wafanyabiashara watatu au wanne, na mwenye lori ndiye anayeshughulikia tamko la forodha kwa jina lake. Mtu anayenisaidia hesabu ananiambia kwamba TVA ninayolipa kwa njia hiyo siwezi kuitoa katika tamko langu la mwezi, yaani kuipunguza kwenye TVA ninayodaiwa. Inawezekanaje, wakati fedha zimetoka mfukoni mwangu?

Deklaranti, Kasumbalesa

Mama, heshima kwako. Kazi yangu ni kuandaa matamko ya forodha. Nianze na swali lako la kwanza, kwa sababu wafanyabiashara wengi wanapita hapa mpakani wakiwa na dukuduku hilohilo bila kupata mtu wa kuwaeleza.

TVA ni kodi ya mlaji. Wafanyabiashara tunaikusanya tu njiani, lakini anayeibeba ni yule anayenunua bomba ili alitumie nyumbani kwake, na mtu huyo yuko Lubumbashi, hayuko Kitwe. Kwa sababu hiyo nchi zenye kodi hii hufuata kanuni moja: bidhaa inayotoka nje huondoka na kiwango cha asilimia sifuri, na nchi inakoingia ndiyo hutoza kiwango chake. Kwetu kodi hii iliwekwa na amri-sheria namba 10/001 ya tarehe 20 Agosti 2010, ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 2012 badala ya ile kodi ya zamani tuliyoiita ICA, na kiwango chake cha kawaida ni asilimia 16. DGDA, yaani forodha yetu, ndiyo huitoza mpakani, na DGI huitoza ndani ya nchi. Kwa hiyo asilimia 16 ya Kasumbalesa iko mahali pake. Inayopaswa kuondoka ni ile ya Kitwe. Kwa kuwa Zambia nayo ina kiwango cha asilimia 16, watu wengi hudhani ni kodi moja inayodaiwa mara mbili, lakini ni kodi za serikali mbili, na moja kati ya hizo haikupaswa kuandikwa kwenye fakture yako.

Tafadhali elewa pia kwa nini muuzaji wako anaiandika. Mauzo ya nje kwa asilimia sifuri si zawadi anayoweza kukupa kwa neno la mdomo. Mamlaka ya Mapato ya Zambia humtaka aonyeshe kwamba bidhaa zimevuka mpaka kweli, kwa karatasi za kuuza nje zilizothibitishwa na forodha ya Zambia, pamoja na fakture na ushahidi wa malipo. Akikosa karatasi hizo, yeye ndiye atakayedaiwa ile kodi, ilhali wewe umekwisha kuuza mabomba yako. Mteja anayefika dukani, akalipa noti mkononi na kupakia mzigo kwenye gari lisilojulikana, hana tofauti, machoni pa muuzaji, na mtu anayejenga nyumba yake Chililabombwe, hukohuko Zambia. Ukitaka bei isiyo na kodi, mwambie kabla ya fakture kuandikwa kwamba haya ni mauzo ya kwenda Kongo, umpe jina kamili la duka lako na namba yako ya kodi, lipa kupitia benki, na kubalianeni ni wakala gani wa forodha upande wa Zambia atakayefungua karatasi za kuuza nje na kumrudishia nakala zilizogongwa mhuri.

Sasa angalia hasara yako ilivyo, maana ni kubwa kuliko hiyo asilimia 16 unayoiona. Tuchukulie mali ya dola 10,000, usafiri na bima dola 600, na ushuru wa forodha wa asilimia 10, ambao ni mmoja wa viwango vya kawaida katika ushuru wetu pamoja na 5 na 20. Thamani ya forodha inakuwa dola 10,600. Ushuru ni dola 1,060. TVA haihesabiwi juu ya bei ya Kitwe peke yake. Inahesabiwa juu ya thamani ya forodha pamoja na ushuru wenyewe, na ushuru wa bidhaa maalumu kama vileo au sigara ukiwapo, nao huingia humo. Kwa hiyo asilimia 16 ya dola 11,660 ni dola 1,865.60.

Ukileta fakture yenye kodi ya Zambia ndani yake, bei uliyolipa ni dola 11,600, na forodha inaanzia kwenye bei uliyolipa. Thamani inapanda hadi dola 12,200, ushuru unakuwa dola 1,220, na TVA inakuwa asilimia 16 ya dola 13,420, yaani dola 2,147.20. Umelipa Zambia dola 1,600 ambazo hukupaswa kuzilipa, na juu ya hizo dola 1,600 umelipa tena Kongo ushuru na TVA vya dola 441.60. Kodi imetozwa kodi. Mama, hapo ndipo penye uchungu, na jibu lake liko Kitwe kabla ya lori kuwashwa. Ukishafika mbele ya dirisha langu umechelewa.

Mhasibu, Kampemba

Deklaranti amelifafanua vema swali la kwanza. Mimi nitajibu la pili, kwa sababu kwa mfanyabiashara aliyesajiliwa kama wewe ndilo linalokula fedha nyingi zaidi, tena kila safari.

Mtu anayekusaidia hesabu amekueleza ukweli. Haki ya kutoa TVA uliyolipa haitokani na kwamba fedha zimetoka mfukoni mwako. Inatokana na hati inayokutaja wewe. Kwa mali iliyonunuliwa ndani ya nchi, hati hiyo ni fakture ya muuzaji aliyesajiliwa, yenye namba yake ya kodi na TVA iliyoandikwa peke yake. Kwa mali iliyotoka nje, hati hiyo ni tamko la forodha la kuingiza bidhaa zitumike nchini, likikutaja wewe kuwa ndiye mwingizaji, pamoja na risiti ya benki ya malipo yake. Tamko likiwa kwa jina la mwenye lori, basi mbele ya DGI aliyeingiza mabomba ni mwenye lori. Wewe umempa mtu fedha, naye amelipa kodi yake.

Tuendelee na mfano uleule. Ukiuza shehena hiyo Lubumbashi kwa dola 18,000 kabla ya kodi, wateja wako wanakulipa juu yake TVA ya dola 2,880. Tamko la Kasumbalesa likiwa kwa jina lako, unatoa dola 1,865.60 na kupeleka DGI dola 1,014.40 tu. Kodi ya mpakani haikuwa gharama, ilikuwa malipo ya mbele. Tamko likiwa kwa jina la mwenzako, unapeleka dola 2,880 zote, na zile 1,865.60 zimekuwa gharama yako, ambayo utaiweka kwenye bei au utaikata kwenye faida. Jirani yako anayenunua kwa muuzaji yuleyule, akapita mpaka uleule na mali ileile, anaweza kuuza robine kwa bei ya chini kuliko yako na bado akapata faida, kwa sababu tu jina lake liko kwenye karatasi. Nimeona maduka mazuri yakinyauka kwa jambo hili, na wenyewe wakadhani ni bahati mbaya ya soko.

Kupakia lori moja si kosa, na sikushauri uache. Lori moja linaweza kubeba mali za watu wanne na kila mmoja akawa na tamko lake. Jina linatakiwa lianze mapema na lisibadilike njiani: kwenye leseni ya kuingiza bidhaa, ile ya mfano IB inayofunguliwa katika benki, kwenye fakture ya Kitwe, kwenye hati ya usafirishaji, kisha kwenye tamko lenyewe. Ikiwa mwenye lori anapenda kubaki mwingizaji, basi awe mfanyabiashara kamili: aingize mali kwa jina lake, kisha akuuzie Lubumbashi kwa fakture yenye namba yake ya kodi na TVA iliyoandikwa wazi, nawe utaitoa kwa fakture hiyo. Njia zote mbili ni halali. Mnayoitumia sasa iko katikati yake, na ndiyo inayokunyima haki yako.

Mama wa Duka, Katuba

Nawashukuru sana. Hesabu ya dola 441.60 nimeirudia mwenyewe na nimeielewa. Naongeza swali moja: wenzangu wananiambia kwamba Zambia na Kongo zote ziko katika COMESA, soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika, kwa hiyo nikipata hati ya asili ya bidhaa sitalipa TVA. Je, ni kweli?

Deklaranti, Kasumbalesa

Si kweli, Mama, na tafadhali wafikishie wenzako. Hati ya asili inagusa ushuru wa forodha. Inaweza kuupunguza au kuuondoa kwa bidhaa zinazostahili, lakini TVA inabaki, kwa sababu hata bomba lililotengenezwa Lubumbashi linatozwa TVA, na mkataba wa biashara hauwezi kuipa bidhaa ya nje nafuu kuliko ya nyumbani. Faida yako inakuja kwa njia ya pembeni: ushuru ukipungua, kiasi kinachohesabiwa TVA nacho kinapungua. Katika mfano wetu, bila ushuru wa dola 1,060, TVA ingekuwa asilimia 16 ya dola 10,600, yaani dola 1,696.

Angalia pia kwamba asili ni mahali bidhaa ilipotengenezwa. Robine iliyotoka China ikapumzika ghalani Ndola haijawa ya Zambia, hata kama fakture ni ya Ndola.

Msafiri wa Johannesburg, Ruashi

Naomba niongeze kuhusu sisi tunaonunua mbali zaidi, kwa sababu kanuni ni ileile lakini milango yake inatofautiana, na mlango ukiukosa huwezi kurudi nyuma.

Afrika ya Kusini ina kodi hii kwa asilimia 15 tangu Aprili 2018. Huko muuzaji akikusafirishia mzigo yeye mwenyewe hadi nje ya nchi, anakuandikia asilimia sifuri. Ukichukua mzigo mwenyewe dukani, kwa kawaida unalipa kodi kwanza, kisha unaidai kwenye ofisi ya marejesho unapotoka, kwa mfano Beitbridge, ukiwa na fakture halisi na mali yenyewe ikaguliwe. Jumla ya fakture iwe zaidi ya randi 250, na mali iwe imetoka ndani ya siku 90 tangu tarehe ya fakture. Wenzetu wengi wanafika Beitbridge usiku, wamechoka, na dereva anawaharakisha, wanavuka bila kusimama. Asilimia 15 inabaki Afrika ya Kusini, na Kasumbalesa wanalipa 16 juu ya bei iliyokwisha kuvimba. Dubai kiwango ni asilimia 5 tangu Januari 2018, nako duka la jumla linalokusafirishia kontena linaweza kukuuzia bila kodi. China nayo ina utaratibu wa kumrudishia kodi kampuni inayouza nje, si wewe mnunuzi, kwa hiyo hiyo ni hoja ya kujadili nayo wakati wa kupatana bei.

Mali inayopitia Dar es Salaam au Durban kuja kwetu haitozwi TVA ya Tanzania, Zambia wala Afrika ya Kusini ikiwa imefunguliwa karatasi za kupita chini ya dhamana. Gharama za njia hiyo ndefu, hata hivyo, zinaingia katika thamani ya forodha, na TVA ya Kongo inahesabiwa juu yake. Sisi watu wa Katanga, tulio mbali na bahari kila upande, tunalipa kodi hata juu ya kilomita.

Mkazi wa Kampemba

Kuna njia nyepesi ambayo hamjaitaja. Muuzaji aandike fakture ya bei ndogo, nusu ya bei ya kweli, na ushuru pamoja na TVA vyote vinashuka.

Deklaranti, Kasumbalesa

Ndugu yangu, ninakusihi usimfundishe mtu njia hiyo, na ninasema hivi nikiwa nimekaa upande huu wa dirisha kwa muda wa kutosha kuona inakoishia. Sheria ya forodha, amri-sheria namba 10/002 ya mwezi uleule wa Agosti 2010, inataka bei iliyolipwa kweli. Afisa anaposhuku bei, ana haki ya kuomba ushahidi wa malipo na kulinganisha na bei za bidhaa zinazofanana. Mzigo unasimama, siku zinapita, ghala linadai, na kodi iliyokwepwa inalipwa pamoja na faini.

Mhasibu, Kampemba

Naongeza upande wa hesabu. Kwa mfanyabiashara aliyesajiliwa, TVA aliyoipunguza mpakani hakuipata: itamkuta dukani, kwa sababu akiuza kwa bei ya kweli anakusanya TVA kamili na ana kidogo cha kuitoa. Faida yake kwenye karatasi nayo inavimba, kwa sababu manunuzi yameandikwa nusu, na kodi ya mapato inafuata faida hiyo.

Mama wa Soko la Kenya, Lubumbashi

Wadogo zangu, mmezungumza vizuri sana, lakini mmezungumza na wenye maduka makubwa. Mimi nina meza sokoni, ninaleta vitenge na sabuni kidogo kutoka ng'ambo, na mauzo yangu hayafiki popote karibu na milioni 80. Mnanishauri nini?

Mhasibu, Kampemba

Mama yangu, shikamoo, na asante kwa kuuliza, kwa sababu wenye hali yako ndio wengi Lubumbashi.

Mpakani sheria haiangalii ukubwa wa duka: TVA inatozwa juu ya kuingiza bidhaa, awe aliyeingiza ni kampuni ya mgodi au mama mwenye meza. Kwa kuwa uko chini ya milioni 80, wewe si mlipaji TVA wa ndani. Hutozi wateja wako kodi hiyo, wala hupeleki tamko lake kila mwezi, na kwa hiyo huna mahali pa kuitoa ile uliyolipa. Kwako ni gharama kama usafiri, na ni lazima uihesabu katika bei ya kila kitenge kabla ya kupanga faida. Asilimia 16 ya Zambia, kwako wewe, inauma hata kuliko inavyomuuma mwenye duka, kwa sababu zote mbili zinabaki mgongoni mwako. Ndiyo maana ni vema ninyi wenye meza mnunue kwa pamoja kwa mwingizaji mmoja anayefuata taratibu, au mmoja wenu aliyesajiliwa aingize kwa jina lake na kuwauzia, kwani duka la jumla la Kitwe halitahangaika na karatasi za kuuza nje kwa sabuni za katoni mbili.

Nakuomba jambo moja kwa dhati: usiandike neno TVA kwenye karatasi unayompa mteja, hata akiomba. Anayeandika TVA kwenye fakture anadaiwa hiyo TVA na DGI, awe amesajiliwa au la. Na dai risiti kwa kila unacholipa mpakani. Huduma zilizoruhusiwa na serikali kukaa pale ni nne: DGDA, OCC (ukaguzi wa bidhaa), DGM (uhamiaji) na huduma ya afya ya mpakani. TVA ni ya DGDA peke yake. Mtu yeyote mwingine anayekudai kitu akikiita TVA, mwombe hati yenye jina la DGDA kabla ya kufungua mkoba.

Mama wa Duka, Katuba

Nimewasiliana na muuzaji wa Kitwe. Amekubali kuandika asilimia sifuri kuanzia mzigo ujao, ikiwa nitalipa kwa benki na wakala wake ndiye atakayefungua karatasi upande wa Zambia. Mwenye lori naye amekubali kila mmoja wetu awe na tamko lake, ingawa gharama ya deklaranti itaongezeka kidogo. Swali la mwisho kwa mhasibu: mzigo ukiingia mwishoni mwa mwezi na nikawa sijauza hata bomba moja, ile TVA ya mpakani ninaiweka wapi?

Mhasibu, Kampemba

Unaiandika katika tamko la mwezi ambao umeilipa, na tamko hilo unalipeleka kabla ya tarehe 15 ya mwezi unaofuata kupita. Usingoje kuuza. TVA uliyolipa ikizidi uliyokusanya, tofauti inakuwa salio lako kwa serikali, na linahamia mwezi unaofuata, kisha unaofuata, hadi mauzo yalimalize. Usitarajie kurudishiwa fedha taslimu: kwa kawaida marejesho yamewekwa kwa wauzaji wa nje, kwa wenye uwekezaji mkubwa na kwa wanaofunga biashara, na hata kampuni za migodi za hapa kwetu, zenye wanasheria wao, zimekaa muda mrefu zikidai. Kwa duka linalouza kila siku salio halikai sana. Hata mwezi ambao hukuuza wala kununua chochote, peleka tamko lenye sifuri, na tunza tamko la forodha pamoja na risiti ya benki katika jalada moja, kwa sababu mkaguzi wa DGI ataziomba zote mbili kwa wakati mmoja.